Saa Sita za Juma

Vijana wa chumba cha safari, mmenisumbua vya kutosha. Tangu mletewe ile kompyuta mnaniambia niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, nami nimekuwa nikisema nitaandika nikistaafu, nikitumaini mtasahau. Hamkusahau. Na siku niliyokuja kurudisha funguo za kabati niliwakuta mmeizunguka mashine yenu, nyuso zimewashuka. Mlikuwa mnafanya zoezi la kwanza la mwalimu wenu: ipe mashine saa ya kuondoka na saa ya kufika, ikwambie safari imechukua muda gani. Lori limeondoka saa ishirini na mbili kwa saa ya reli, limefika saa mbili, na mashine imejibu hasi ishirini.

"Bi Zuhura, hebu njoo uone," mmoja wenu akaniita. "Inasema lori limefika kabla ya kuondoka."

Nikacheka mpaka nikatafuta kiti. Mlidhani nawacheka ninyi. Nilikuwa namcheka Felisiani, Mungu amweke pema, ambaye hamkumkuta. Felisiani ndiye aliyekuwa kompyuta ya kwanza ya ofisi hii. Alikunywa chai, alipenda viazi vitamu, na jibu hilo hilo alitupa sisi akiwa na miguu miwili na suruali ya kaki.

Vyeo sitavitaja. Wanaovijua wanatosha, na mishahara yetu mnaijua kwa kuwa ndiyo iliyoizaa yenu.

Nilianza kazi uhuru ukiwa bado mpya, bendera za ofisini hazijapauka. Baba yangu, Mzee Sudi, alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, hapa hapa Tabora, na hakutaka binti yake akae chumba kimoja na madereva. Aliniruhusu kwa sababu moja tu: mkuu wa chumba cha safari alikuwa Mzee Mrisho, aliyeswali naye safu moja tangu ujana. Kazi yetu ilikuwa malori. Yalikwenda vijijini kuchukua tumbaku na asali, yakazileta stesheni kuwahi treni. Kila lori lilirudi na karatasi ya safari, na kazi yangu mimi ilikuwa kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, kutwa, mwaka mzima.

Siku ya kwanza niliingia nikakuta saa mbili zimetundikwa ukutani, na kila moja inasema lake. Ya kulia ilikuwa ya reli. Ya kushoto Mzee Mrisho aliizungusha mishale mwenyewe ili jua likichomoza na kupanda kidogo ionyeshe moja, kama watu wanavyosema. Ya kushoto ya madereva, ya kulia ya treni. Aliniambia nisiziguse. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliwahi kuzigusa. Alipanda juu ya kiti, akairekebisha ya kushoto kwa huruma, na madereva wote siku ile wakakosa chakula cha mchana.

Babu yake Mzee Mrisho alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, na yeye alirithi kwa babu dharau fulani kwa saa. "Wale walipima njia kwa mahali walipolala," aliniambia. "Ukimwuliza mpagazi Ipole ni mbali kiasi gani, anakutajia kambi, na kambi haisogei. Namba inasogea. Basi mwanangu, namba ikija mezani kwako, ifanyie kama mchumba anayekuja kuposa. Usiitazame sura. Uliza imetoka nyumba gani, nani kaileta, na huko ilikotoka wanasemaje."

Kisha akanifundisha kuazima. Dakika zikipungua, azima sitini, usiazime mia kama uko dukani. Saa ikiwa ndogo juu na kubwa chini, azima kumi na mbili, maana saa ya Mswahili inamaliza mzunguko wake hapo. Hiyo ndiyo elimu yote niliyohitaji kwa miaka mingi, na nilipewa kabla ya chai.

Sasa Juma. Juma alikuwa dereva wa njia ya Ipole, kijana wa Ng'ambo, mweusi, mtaratibu, ambaye lori lake ulilitambua kwa sababu lilikuwa limeoshwa. Njia ile ilikuwa yake peke yake. Hakuna dereva mwingine aliyeitaka, kwa mchanga wake wa kiangazi na matope yake ya masika. Aliondoka Ipole saa mbili asubuhi na kufika Tabora saa sita mchana, adhana ikikaribia. Aliileta karatasi mezani kwangu na kuuliza swali lile lile kila mara.

"Dada Zuhura, leo nimetumia muda gani?"

"Saa nne, kama juzi."

"Mbona kwangu zimekuwa nyingi?"

Nilijifanya sielewi. Nilielewa vizuri sana. Baada ya mavuno mawili ya asali Mzee Mrisho alivaa kanzu yake ya Idi, akapeleka barua ya posa ya Juma kwa baba yangu, na baba akasema atafikiri, neno ambalo kwa fundi cherehani maana yake ni kwamba nguo inashoneka.

Hapo ndipo Ipole ikapata katibu mpya wa kijiji. Aliyekuwapo kabla hakuwa na saa. Alitazama jua, akaandika saa mbili, na hakukosea kwa kiasi cha kumuumiza mtu. Huyu mpya aliitwa Ndugu Petro, kijana msafi, mkulima mzuri, mwenye ari ya ujamaa kiasi cha kupiga kengele ya shamba mwenyewe. Kitu cha kwanza alichonunua kwa tumbaku yake kilikuwa saa ya mkononi. Na ili madereva wasizichezee karatasi, alizifunga ndani ya bahasha na kuzibandika kwa ugali.

Nikafungua bahasha ya kwanza. Kuondoka: 8. Kufika, kwa saa yetu ya kushoto: 6. Nikaazima kumi na mbili, nikatoa, nikapata saa kumi. Nikarudia. Kumi.

"Pancha," akasema Mzee Mrisho.

Safari ya pili, kumi. Ya tatu, kumi. Pancha hazina utaratibu hivyo. Kwa hesabu ile Juma alikuwa anaondoka Ipole saa nane ya usiku na kufika mchana, kwa njia ya saa nne. Saa sita zilikuwa zinapotelea porini, na ofisi nzima ikaanza kuzitafutia kazi. Madereva wenzake wakasema ni wanzuki ya Sikonge, maana pombe ya asali haimwachi mtu asimame haraka. Karani wa pili akasema ni mwanamke. Mpishi wa chai akasema ni wote wawili, na kwamba mwanamke ndiye anayepika wanzuki.

Meneja wetu, mtu mkali lakini asiye na chuki, alimwita Juma mbele yetu.

"Ndugu Juma, Ipole unaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mzee."

"Kijiji kinasema saa nane."

"Kijiji kizima?"

"Katibu wake. Nimemtumia ujumbe kumuuliza kama ni yeye aliyeandika nane. Amejibu kwamba ni yeye, kwa saa yake mpya, na haijawahi kukosea."

Juma hakuwa mtu wa maneno. Aliapa mara moja, akanyamaza, na kwa mtu anayeshukiwa kunyamaza ni kubaya. Meneja akatamka: mwisho wa mwezi Juma anakabidhi funguo za lori, anakwenda kulinda lango. Habari ilifika Gongoni kabla yangu. Nilimkuta baba ameweka mkasi chini.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Ya huyu mbona inarefuka?"

"Baba, Juma hanywi."

"Basi saa sita zile alikuwa wapi? Nijibu hilo tu. Akikabidhi funguo, nami namrudishia Mrisho barua yake."

Nilikasirika, nikalia, nikakasirika kwa kulia. Na aliyeumia zaidi yangu ni Mzee Mrisho, maana alikuwa mshenga wa mtu ambaye kila juma alilazimika kumwandikia kosa kwa mkono wake mwenyewe. Aliacha hata kunisalimia vizuri. Akinipa kalamu aligeuza uso.

Katikati ya msiba huu akaletwa mwalimu wa kompyuta.

Aliitwa Bwana Eliasi, mtoto wa Wamoravian wa Sikonge, amerudi kutoka masomoni akiwa na tai na chaki za rangi. Alikuja kututayarisha kwa ajili ya mashine. Tukamwuliza mashine iko wapi. Akasema fedha za kigeni zikipatikana itakuja. Kwa sasa tutajifunza bila yenyewe. Mzee Mrisho akaniuliza kwa sauti ya chini kama na kuogelea wanafundisha hivyo.

Lakini Eliasi alikuwa mwalimu kweli. Akasema kompyuta haina akili, haina huruma, haikisii. Inafanya kilichoandikwa, na kisichoandikwa haikifanyi. Akauliza kama ofisini kuna mtu wa namna hiyo. Chumba kizima kikageuka kumtazama Felisiani.

Felisiani alikuwa mtunza ghala, mtu wa Kigwa, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Ukimwomba misumari alikuuliza imeandikwa wapi. Ukileta karatasi ya misumari bila kutaja nyundo, alikupa misumari na kukutakia siku njema. Aliwekwa kwenye kiti mbele ya darasa, akavishwa shingoni kipande cha boksi la sabuni kilichoandikwa MASHINE, na tangu dakika ile hakucheka tena. Nilimsabahi asubuhi yake, "Habari za nyumbani, Kaka Felisiani?" Akatazama ukuta. Eliasi akamsifu.

Zoezi la kwanza likawa lenu hili hili. Tuandike maelekezo ya kutafuta muda wa safari, tumpe mashine. Karani wa pili akaandika: chukua saa ya kufika, toa saa ya kuondoka. Tukampa lori lililoondoka saa kumi na moja jioni na kufika saa mbili usiku. Felisiani akatoa kwenye karatasi, akainua kichwa.

"Lori limefika saa tisa kabla halijaondoka."

"Sasa Felisiani, ndugu yangu, hilo linawezekana?" akauliza karani.

Felisiani akatazama ukuta.

Tukaongeza mstari wa kuazima kumi na mbili. Tukasahau kumwambia aazime lini, akaazima kila mara, na lori la kutoka mjini hapa hapa likachukua nusu siku kufika stesheni. Tukasahau kumwambia aache. Akaendelea kutoa mpaka kengele ya kutoka kazini, na ilibidi Eliasi aandike kwenye karatasi SIMAMA na kumpa. Sijawahi kucheka hivyo kazini, na wakati nacheka nilikuwa nahesabu siku za mwezi zilizobaki.

Meneja alikuwa akisimama mlangoni kutazama. Siku moja akasema, "Ningekuwa na shahidi kama huyu njia ya Ipole, asiyempenda Juma wala asiyemchukia."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua nasema nini. "Unaye huyo hapo, Ndugu Meneja. Mpandishe kwenye lori."

Eliasi akafurahi kuliko wote. Akasema liwe ndilo zoezi la mwisho wa kozi, na kwa kuwa nimesimama, niandike maelekezo mimi. Niliyaandika nyumbani, baba akishona pembeni bila kuniuliza kitu. Mistari ya kwanza ilikuwa rahisi: panda lori, usiongee na dereva kuhusu saa, kila lori likisimama andika mahali na sababu. Nikafika pa kuandika saa ya kuondoka, na kalamu ikakwama. Nikakumbuka siku yangu ya kwanza. Uliza imetoka nyumba gani, nani kaileta, na huko ilikotoka wanasemaje. Basi nikaandika: katibu akiandika saa, tazama alichotazama, ukiandike. Kisha mwulize kwa mdomo sasa ni saa ngapi, uandike anachosema. Eliasi akaongeza mstari wake mwenyewe chini, kwa kalamu nyekundu: usitumie akili.

Felisiani akaenda na boksi lake shingoni. Juma alinisimulia baadaye kwamba njia nzima ya kwenda alisafiri na mtu aliyeandika "tumesimama, mbuzi" na "tumesimama, mbuzi tena", na alipomkaribisha muhogo akauliza kama umeandikwa.

Walirudi siku ya pili yake saa sita mchana. Meneja alikuwapo, Eliasi alikuwapo, na baba yangu pia alikuwapo, amekuja eti kupima suruali ya Mzee Mrisho, na utepe shingoni. Bahasha ya Petro ikafunguliwa. Kuondoka: 8. Nikatoa mbele yao wote, nikapata kumi. Baba akavuta pumzi. Juma akatazama viatu vyake.

"Mashine," akasema Meneja, "mmetumia muda gani?"

"Kwa karatasi ya katibu, saa kumi."

"Na mmesimama wapi?"

"Sikonge, maji ya rejeta. Halafu ng'ombe. Halafu dereva ameswali dhuha, rakaa mbili."

"Wanzuki?"

"Haikuandikwa. Haikuonekana."

"Sasa saa kumi zimetoka wapi?"

Felisiani akageuza ukurasa na kusoma kama anavyosoma mtu kanisani. "Katibu ametazama saa ya mkononi. Mshale mfupi uko kwenye nane. Katibu ameandika nane. Nimemwuliza kwa mdomo sasa ni saa ngapi. Katibu amesema, saa mbili asubuhi, ndugu, wabeja, asante, safari njema."

Kila mtu mle chumbani akainua mkono wake wa kushoto na kutazama saa yake. Mimi nawaambia, sisi ndio watu tunaovaa saa inayosema nane, tukaisoma mbili, tukafika kazini kwa wakati, na tangu utotoni hakuna aliyejiuliza. Petro mdomoni alikuwa Mswahili kama sisi. Mkono wake ndio uliokuwa mwaminifu kupita kiasi. Alipofika kwenye karatasi ya serikali aliona si adabu kubadili kilichosemwa na saa yake, akanakili mshale.

Mzee Mrisho akaenda akasimama chini ya saa zake mbili, moja ikisema sita, ya pili kumi na mbili.

"Lakini wewe, Felisiani," Meneja akauliza, "ulimwona anaandika nane na anasema mbili. Mbona hukumsahihisha?"

Felisiani akanyoosha kidole kwenye wino mwekundu.

Eliasi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Meneja, kisha chumba kizima, na Felisiani akauliza kwa heshima kama sasa anaweza kuvua boksi. Meneja alimpa Juma mkono, akamwomba radhi mbele ya wote waliosikia tuhuma. Baba alimwendea Juma, akautoa utepe shingoni, akampima mabega, akaniambia niandike: kanzu ya arusi.

Petro tulimwalika. Juma alisisitiza, akasema mtu asiyekosea mshale anafaa kuheshimiwa. Tukampelekea habari: ndoa saa nne. Akaja na debe la asali kichwani alasiri, pilau imekwisha, masufuria yanaoshwa, saa yake ikionyesha nne barabara. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa Tabora wanataka saa iandikwe kama watu wanavyosema, akaamua safari hii afanye kinyume, asubiri mshale ufike kwenye nne, kwa usalama. Juma akanyanyuka alipoketi na kumpokea debe. "Umewahi, ndugu yangu," akamwambia, "sisi ndio tumeharakisha." Akaagiza kuku achinjwe.

Baada ya hapo kila karatasi ilichapwa na mstari mmoja wa ziada: saa ya nani. Mnaudharau mstari ule. Naomba msiufute, na muufundishe mashine yenu pia. Akili mtakayoinyima haitaitafuta yenyewe.

Nyumbani ikawa mchezo wetu. Juma akichelewa kurudi, hata kama amekwenda msikitini tu, nilimpokea mlangoni: "Saa sita zile ulikuwa wapi?" Naye alijibu, "Mkononi kwa Petro." Wanangu wamekua wakisikia hivyo, wakadhani Petro ni mtu wa kutunza vitu.

Juma alinitoka kiangazi kilichopita, pale hospitali ya Kitete, baada ya adhuhuri. Mlikuja wote, mlisimama vizuri, nawashukuru. Sasa nina muda mwingi na sina cha kutoa. Lakini mazoea hayaachi, jioni najikuta napiga hesabu: tangu barua ya posa hadi Kitete. Naazima palipo pa kuazima. Jibu linatoka lile lile, na kila mara naliona dogo. Juma mwenyewe angesema saa zimekuwa nyingi, angalau za kwenye lori. Ofisi hii iliwahi kumwandikia mume wangu saa sita za ziada kila safari, safari baada ya safari, na mimi ndiye niliyehangaika hadi zikafutwa. Ningejua, ningeacha hata moja isifutwe, nipate kukaa naye.